Gonga Mara Moja, Yaya

Beni, nyumbani kwa Salumu shofere,
siku ya Mungu, misa ikiisha

Kwako Yaya yangu Anastazia, kule Luofu,

Wavukire, Yaya. Kama barua inakufikia jioni, basi wasibire, utachagua mwenyewe. Mimi mudogo wako Rozalia ninakusalimia nikiwa nimekaa mbele ya mulango, miguu nimeinyoosha ku jua, sababu magoti yangu yamekataa baridi tangu mwezi uliopita. Wewe umeamuka namna gani? Tumbo inakubali chakula? Maharagi yako ilitoka muzuri, ao mvula iliiozesha mu shamba kama mwaka jana? Na macho, Yaya. Nimeuliza macho hapa juu, na nitayarudilia huko chini, sababu barua hii yote iko juu ya macho yako.

Mwenye kuandika ni mutoto wangu Kavira, yule baliyemupa jina la Zaina siku Salumu alimuoa na kumuingiza mu dini yao. Mimi ninasema, yeye anaandika. Nimemuapisha asitengeneze maneno yangu. Nikisema mubaya, aandike mubaya. Na wewe Marta, muke wa Kasereka, wewe unayemusomea mama-mukwe wako, soma polepole, hapana kukimbia kama mutu wa kuchunga mbuzi. Ukifika pahali nitasema funga mulango, uinuke ufunge. Batu ba Luofu banapenda kusikia barua ya mwenzao kuliko injili.

Yaya, ninajua uko na kasirani. Kasereka wako alipoleta biazi ku soko ya Butembo alikutana na Salumu, akamuambia: «Mama hataki kusikia jina la Mama mudogo mu nyumba.» Salumu hakuweza kuniambia mwenyewe, unajua mambo ya ukwe, alimuambia Zaina, na Zaina aliniletea maneno pamoja na kahawa. Nilikunywa ile kahawa ikiwa imepoa. Inaonekana jirani yako mwenye kushona alikuambia aliniona juu ya mizigo ya kamyo ya Salumu, nikipita Luofu mbele ya mulango wako, bila kushuka, bila kupunga hata mukono.

Alikuambia kweli. Nilipita. Na hakuona yote. Kabla ya kufika kwako nilijilaza katikati ya magunia na kuvuta bashi, ile turubai ya kamyo, juu ya kichwa changu, ili usinione. Kilemba changu ndicho kilibaki inje, ndicho yeye aliona. Mimi, mutu muzima mwenye bajukuu saba, nilijificha kama mwizi wa ndizi nikipita ku mulango wa yaya yangu. Sasa nitakuambia sababu, na sitaomba huruma mbele hujasikia yote.

Nianze na habari za huku. Beni iko, lakini si ile Beni tuliacha mbele ya rebelio, ile vita ya baasi. Nyumba nyingi hazina mabati, batu baliyachukua kufunika pahali pengine. Nyuma ya kifo cha baba ya Kavira kule mu pori, tulipokimbia, nilisema sitakaa tena ku nyumba yetu peke yangu, na Salumu alinileta hapa mimi na kuku wangu wanne. Ninakaa mu nyumba ya Baislamu na rozari yangu iko ku musumari. Hakuna anayeigusa. Saa ya sala yao bajukuu banapanga viatu inje na mimi ninabahesabia. Mwezi wao wa kufunga ulipofika, nilisema mimi nitakula, mimi si wao. Lakini, Yaya, kula peke yako mbele ya batoto benye njaa ni kazi ngumu. Siku ya tatu niliacha. Zaina alicheka mupaka machozi, akasema Padiri akisikia atanifukuza.

Na Salumu, ule mukwe, ni mutu. Wewe ulikataaka ndoa yake, ulisema mutu wa kamyo hana nyumba. Nyumba iko, na ukuta umepigwa chokaa. Heshima ya ukwe anaishika kuliko bijana betu ba Kinande: haniiti jina, haniangalii ku uso, hakai ku kiti nilichokalia. Akitaka kunisalimia anasimama ku kona ya nyumba na kusalimia mugomba, na mimi ninajibu kwa ajili ya mugomba. Anakula ku baraza na wageni wake, mimi ninakula ndani, ukuta katikati yetu.

Ni mu ule ukuta nilisikia habari.

Siku moja alikuwa na mugeni, mwenye kuchukua samaki wa chumvi ku ziwa, na mugeni alimuuliza wakati wa rebelio kamyo yake aliificha wapi, maana kamyo zote za Beni zilichukuliwa, kwanza na baasi, kisha na basoda ba serikali. Zaina mwenyewe wiki tatu hakumuona, akawaza bwana yake amekufa. Salumu alisema: «Niliificha kule hata shetani hapiti.» Akasimulia. Kuko njia ya zamani, Bula Matari, serikali ya Babeleji, aliianzisha mbele ya kutengeneza ile kubwa ya mulima wa Kabasha, kisha akaiacha. Ukitoka Luofu unapita mashamba, unakuta mukuyu umekatwa kichwa, unapinda ku mukono wa kuume. Kutoka pale njia inashuka mu bonde kavu, mupaka huko chini ku uwanda. Hakuna mutu, hakuna maji, hakuna shamba. Kuta za majiwe mekundu zinasimama huku na huku, ndefu kuliko kanisa, na mu chini ni muchanga mweupe pahali maji hupita siku moja na kukauka miezi mitano. Miti iko ile tu yenye maziwa ya sumu, imesimama kama binara bya mishumaa. Alisema asubui jua ikiingia mule, majiwe yanawaka kama makaa, na mutu anaweza kusahau kama kuna vita. Alikaa mule wiki tatu, akila samaki ya chumvi bila maji ya kutosha, ulimi ukapasuka.

Mugeni alicheka, akasema wazungu ba mbele ya uhuru balikuwa banakuja na gari ndogo kuangalia bintu kama ile, banasimama, banakula mukate, banapiga picha, banarudi. Salumu akasema na yeye alijiona muzungu. Kisha akasema: «Kuko majiwe matatu yamesimama pamoja, moja inaegemea nyingine kama mama mwenye kubeba mutoto. Pale ndipo niliweka kamyo.»

Yaya, niliweka sahani chini.

Marta, sasa inuka ufunge mulango. Ukisha kufunga, kaa karibu naye.

Wewe na mimi tunayajua ile majiwe. Siku Bula Matari alitufukuza ku uwanda, akisema inchi ile sasa ni ya nyama ba pori, tulipanda kwa ile bonde. Baba yetu alitangulia na mbuzi, banaume na mizigo, askari nyuma na fimbo. Mimi nilikuwa na homa ya uzazi, na mu mugongo wangu Masika, mutoto wangu wa kwanza, mwezi moja na siku chache. Hapakuwa maji. Maziwa yangu yalikauka tangu jana yake. Ku ile majiwe matatu nilimutoa mu mugongo kumunyonyesha, na hakufungua kinywa tena. Wewe ndiye ulimupokea. Askari akapiga kelele tuendelee, banaume bakanibeba, na wewe ukarudi nyuma naye. Kisha ulitufikia kule juu, ukanipa kile kitambaa cha kubebea, kimekunjwa. Hukusema neno. Bazee balikatazaka kulilia mutoto asiyeota meno, na mimi sikulia. Kile kitambaa nilikuja kubebea Kavira.

Hapa Kavira aliacha kuandika.

Yaya, hakujua. Nilimuficha miaka yote hii. Tangu mudogo alikuwa ananiuliza kwa nini anaitwa Kavira, jina la musichana wa pili, na Masika, maana ndilo jina la wa kwanza, yuko wapi, na mimi nilimujibu aende kuteka maji. Aliweka kalamu chini na kuniambia: «Mama, nilijua kuko mutu mbele yangu. Nilifikiri ulimukataa.» Nikamuambia hapana, sikumukataa, nilinyamaza tu. Amepangusa macho na kilemba na amesema niendelee, yeye ataandika.

Basi nitaendelea, na hapa ndipo maneno yangu mabaya yanaanza.

Mimi siku ile niliangalia mikono yako. Homa ilikuwa kali, sikuona sura za batu, lakini mikono yako niliiona uliponipa kitambaa. Haikuwa na udongo. Na ulirudi upesi, jua ilikuwa bado pale pale. Nikajiuliza mu moyo, huyu alichimba saa ngapi, na alichimba na nini, jembe liko ku kichwa cha Baba. Nikajijibu: hakuchimba. Alimuacha pale chini, alimuachia nyama ba Bula Matari. Ile jibu nimeikalia toka siku ile mupaka leo. Nimekula kwako, nimelala kwako, umeniuguza, umenizalisha batoto batatu na hii mikono, na kila mara uliponipa kitu niliangalia bidole byako. Sikukuuliza hata siku moja. Niliogopa utasema ndiyo.

Kwa hiyo nilipomusikia Salumu, nilisema nitaenda mwenyewe, nitaangalia kwa macho yangu, na wewe hutajua. Ndiyo sababu ya bashi.

Nilimutuma Zaina kumuomba bwana yake anipeleke akienda kuchukua samaki. Salumu aliuliza mu kona ya nyumba, akiangalia mugomba, kama mama anajua kule hakuna soko. Mugomba ukajibu unajua. Lakini convoyeur wake, yule anayekaa juu ya mizigo na kugonga kabini, alikuwa na malaria. Na mimi mu kabini sikuweza kukaa, bega kwa bega na mukwe, hiyo haya ningeiweka wapi? Zaina alipaswa kubaki na batoto. Nikasema basi mimi nitakaa juu, mimi ndiye convoyeur. Banaume ba parking walicheka, moja akauliza kama nitabeba na gurudumu. Nikamuambia nimebeba batu bazito kuliko gurudumu, na hawakusema asante.

Kazi ya convoyeur ni bintu bili. Kamyo ikisimama ku mulima, unaruka na kuweka jiwe nyuma ya gurudumu. Na kama kuna neno, unagonga juu ya kabini: mara moja, simama, mara mbili, endesha. Zaina alinifundisha asubui ile kama katekismu. Moja simama, mbili endesha. Nikajibu nimeshika.

Tulienda, Yaya. Sisemi njia yote. Mulima wa Lubero ulinitia baridi mupaka ku mifupa, na Luofu nilikuambia nilivyopita. Kisha mashamba yako yakaisha, na nikainuka. Na nikaona ule mukuyu uliokatwa kichwa, na ile njia inapinda ku mukono wa kuume, majani yameifunika, na huko mbele ile rangi nyekundu. Salumu alikuwa anaongea na motere yake, hakuiona. Anapita. Sikuweza kumuita jina, ni mukwe. Yeye hakuweza kutoa kichwa na kuniita. Nikagonga. Si mara moja, Yaya. Niligonga na mikono yote mbili, niligonga kama mutu anayefukuza nyuki.

Sikujua, hakuna aliyeniambia: tangu rebelio, kugonga bila hesabu maana yake ni risasi ziko nyuma, kimbia. Na Salumu alikimbia. Ile kamyo iliruka kama mbuzi, magunia yakanifunika, rozari yangu ilikatika. Nikizidi kugonga, yeye anazidi kukimbia. Tulikuja kusimama ku bariyeri ya basoda mbele ya kushuka Kabasha, na ni wao balitusimamisha, na bunduki.

Salumu alishuka, akaangalia nyuma, hakuona adui, akaona mama-mukwe wake amekaa mu mavumbi ya maharagi na kilemba ku shingo. Alisahau ukwe siku ile. Aliniangalia ku uso na akasema: «Mama, ni nini tunakimbia?»

Nikafunga kilemba upya ku kichwa.

Soda mukubwa wao, kijana wa mbali, Kiswahili yake imejaa Lingala, aliniuliza ninaenda wapi. Nikasema ninaenda kutembea, kuona ile bonde. Akacheka na kuita benzake. Tangu lini mama Munande anapanda kamyo kwenda kuangalia majiwe? Akasema hii mama ni mupelelezi ao ni muzungu. Batu betu benye kuuza pale ku bariyeri balicheka pia, hata mimi ningecheka. Karatasi za Salumu zilikuwa sawa, lakini balitukalisha pale mupaka jua ilipinduka, na mawingu yakakusanyika ku upande wa Luofu. Salumu akasema, kupitia mama mwenye kuuza ndizi, kama leo mu ile bonde hatuendi. Mvula ikinyesha huku juu, maji yanashuka mule mara moja, ukuta kwa ukuta, hata kama huko chini jua linawaka, na yanabeba kamyo kama jani. Tukarudi.

Lakini mbele ya kurudi, Yaya, nilifanya kazi yangu. Ile pahali ni mulima, na kamyo ilitaka jiwe. Nikashuka kutafuta. Na pale ku ukingo niliona chini. Niliona uwanda wetu wote. Ziwa inangaa kule mbali kama bati mupya, na pahali nyumba zetu zilikuwa hakuna kitu, majani tu, na nyama kama chawa weusi. Upande tuliotoka niliona ile bonde inavyojipinda, nyekundu, kisha nyeusi, kisha nyekundu tena. Ni muzuri, Yaya. Hakuna mutu aliniambia kama ni muzuri. Siku tulipopita mule tuliangalia visigino bya mwenye kutangulia.

Nikainama nikaokota jiwe, nikaweka nyuma ya gurudumu. Likakuwa dogo, nikaokota la pili, na la tatu, na la ine. Ni majiwe makali, yanakata. Nilipomaliza nikafungua mikono kuipangusa ku kitenge, na hakukuwa kitu cha kupangusa. Hakuna udongo, Yaya. Kule hakuna udongo. Mikono ilikuwa safi na damu ilikuwa inatoka ku bidole.

Nikakaa chini pale pale. Nikakumbuka kile kitambaa, uliponipa kimekunjwa, kilikuwa na alama za damu. Nilikifua mwenyewe. Nilisema ni miiba.

Salumu alifikiri nimeanguka, akamutuma yule mama wa ndizi kuniinua. Nikamuambia aniache, ninahesabu majiwe.

Sasa ninakuuliza, mbele ya mutoto wangu anayeandika na mukwe wako anayesoma: Ulimufunika na majiwe? Ulibeba moja moja, na ile mikono, na askari anakutukana nyuma yako? Kama ni hivyo, mimi nimekutendea mubaya kuliko Bula Matari, maana yeye alitufukuza siku moja tu. Na kama si hivyo, kama ulimuacha, basi uliniacha mimi niishi, sababu ungekawia askari bangenitupa mimi pia njiani. Sitakuhukumu tena. Lakini nataka kumuona, Yaya. Nataka Kavira amuone mutu aliye mbele yake.

Na Kasereka alisema wingu limefunika jicho lako la kushoto kabisa, na la kuume linaona rangi tu, na sura za batu hapana. Alisema ifikapo mavuno mengine hutaona. Ni wewe peke yako unajua ni wapi. Majiwe matatu ninayajua, lakini ulirudi nyuma kutoka pale, na bonde ni ndefu, na majiwe mekundu ni mengi kama nyota. Ukipofuka, Masika anapotea mara ya pili.

Kwa hiyo nimepanga, na usikilize vizuri.

Tutatoka Beni siku ya kazi moja, ile inayofuata siku ya Mungu ijayo, mimi nikiwa nimesikia misa yangu, ili Padiri asinisumbue. Tutalala Butembo. Kazi mbili tunapanda mupaka Kipese, Salumu atapakia biazi, tutalala kule kwa batu bake. Kazi tatu mbele ya jioni tunafika kwako. Nitashuka, Yaya. Nitashuka mbele ya jirani yako mwenye kushona na nitakupigia magoti mu kiwanja, aone vizuri, apate ya kusimulia. Kazi ine asubui, jua ikitoka, tunaingia mu bonde, wakati majiwe yanawaka. Salumu amesema ndiyo saa ya kuona. Na kazi tano, ndiyo Ijumaa yao, anataka kuwa ku ziwa kwa sala yao ya adhuhuri, anayo haki.

Wewe kazi yako ni mawingu. Hata kama huoni, unasikia harufu ya mvula kuliko batu bote ba Luofu. Kuanzia kazi moja, usikie. Kama mvula inanyesha kwako siku ya kazi tatu, hatushuki, tutangoja kwako mupaka muchanga ukauke. Salumu ameahidi, na samaki bangoje.

Vaa viatu bya Kasereka, byako bimekwisha. Vaa kilemba kizito, jua la kule halina huruma. Usilete chakula. Zaina atapika kuku, Salumu atamuchinja mwenyewe kwa dini yake, na wewe utamukula bila kusema kitu. Utaona bidon mbili za maji. Salumu aliuliza mugomba kwa nini mbili, maana motere inakunywa moja. Moja ni ya motere. Ya pili, Yaya, tutaimwaga pale. Alikufa na kiu.

Na viti. Hili nimeliwaza kuliko yote. Mu kabini Salumu anashika usukani. Kando yake muke wake Zaina, ndiye ukuta kati yake na sisi bamama-mukwe. Kisha mimi. Kisha wewe ku dirisha, upande wa kuume, jicho lako lenye kuona rangi liko inje. Tutabanana, magoti yangu yatalia, lakini nitakuwa kati ya mutoto wangu na yaya yangu, sitaki pahali pengine. Salumu ataendesha polepole, polepole kama anabeba mayai. Convoyeur hatakuwapo. Hakuna atakayegonga isipokuwa wewe.

Sitakuuliza kitu mu njia. Zaina hatakuuliza. Ukipenda kunyamaza kama siku ile, unyamaze. Kama ni pale, weka mukono ku mulango na ugonge mara moja. Salumu anajua. Atasimama.

Umusalimie Kasereka, mutoto wetu, na umwambie nilisikia maneno aliyoyasema sokoni na hakukosa. Umusalimie Marta, amesoma maneno mazito leo, umupe kitu kitamu. Salimia katekista aliyefundisha Marta kusoma. Hata jirani yako mwenye kushona umusalimie, macho yake ni mazima, ashukuru Mungu. Salumu anakusalimia kutoka ku kona ya nyumba. Bajukuu saba banakusalimia. Kavira anakusalimia, ameomba aandike mwenyewe hapa chini, nimemukubalia.

Mama mukubwa, ni mimi Kavira. Nitaleta kile kitambaa. Mama alikitunza.

Mimi mudogo wako, mwenye kukuangalia mikono miaka yote hii,
Rozalia